Sukari imeshuka lakini macho yanaharibika: je, ni jeni za ukoo?

BARUA

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nina umri wa miaka 49, nina mke na watoto watatu. Marehemu baba alikuwa na kisukari, akakatwa mguu, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kaka yangu mkubwa anacho pia. Mimi niligunduliwa miaka minne iliyopita, nilipokwenda hospitali kwa ajili ya jipu la mgongoni lililokataa kupona, wakanipima na sukari ikasoma 19. Nikikumbuka vizuri, kiu na kuamka usiku kwenda haja ndogo vilikuwa vimenianza zamani, lakini nilivichukulia kuwa ni mambo ya joto na uchovu wa kazi.

Kwa miaka ya mwanzo sikuwa mtu wa kufuata masharti. Vidonge nilimeza nilipokumbuka, na kipimo cha miezi mitatu, yaani HbA1c, kilifika 11.2. Mwanzoni mwa mwaka jana kaka alipata kidonda mguuni, nami nikamwona baba ndani yake, nikaogopa. Tangu hapo metformini nameza asubuhi na jioni bila kukosa, chai nakunywa bila sukari, ugali nimepunguza hadi nusu ya niliouzoea, mboga nimeongeza, na jioni natembea kutoka shuleni hadi nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Kipimo kilichofuata kilishuka kutoka 11.2 hadi 6.7, na kilichofuata tena kikawa 6.6. Kliniki walinipongeza mbele ya wagonjwa wenzangu.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi uliopita nilipimwa macho, nikaambiwa kwamba retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho, za macho yote mawili zina vitone vya damu, ambavyo kipimo cha kabla yake hakikuonyesha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevunjika moyo kabisa. Nilipokuwa mzembe macho yalikuwa salama. Nimekuwa mwadilifu, yanaharibika.

Kuna jambo jingine linalonitatiza. Nina mashine ndogo ya kupimia sukari na daftari ninaloandika kila ninapopima. Asubuhi kabla ya kula napata 9.1, 8.8, 9.6, 9.3. Saa mbili baada ya chakula cha mchana mara nyingi ni 12 na kitu. Kuna usiku nililala na 8.4 nikaamka na 9.6, na katikati sikutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Nilipouliza, niliambiwa nisihangaike na daftari maadamu kipimo kikubwa ni kizuri.

Kaka ananiambia: "Mdogo wangu, unajichosha bure. Hii ni damu ya ukoo wetu, ndiyo iliyompeleka baba. Hata mtoto wa dada yetu si unamwona ana selimundu? Sisi ndivyo tulivyoumbwa." Wakati huohuo, jamaa mmoja katika kundi letu la WhatsApp anauza vidonge anavyosema vinazima jeni ya kisukari, dozi ya mwezi mmoja kwa shilingi 180,000, na ananishauri kwanza nipime vinasaba kwa kutuma mate nje ya nchi. Nimeanza kufikiria kuuza pikipiki yangu.

Binti yangu wa kwanza ana ujauzito wa miezi minne, na usiku najiuliza ni kitu gani nimempa yeye na mtoto aliye tumboni. Naomba unieleze bila kunificha: je, ugonjwa huu umekwisha kuandikwa katika jeni zetu? Na kama umeandikwa, kujibana kwangu kuna faida gani?

Mwalimu, Muheza

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa taarifa ya macho. Nilipofika katikati ya barua yako nilikuwa na jibu tayari kichwani, na nitakupa jibu hilo baadaye kidogo, lakini namba za daftari lako zilinilazimisha nianze mahali pengine.

Kwa hesabu inayotumika kliniki, HbA1c ya 6.7 inalingana na wastani wa sukari wa takriban milimoli 8.1 kwa lita. Sasa tazama ulichoniandikia: asubuhi 8.8 hadi 9.6, baada ya mlo 12 na zaidi, usiku 8.4. Hakuna hata namba moja iliyo chini ya 8.1. Hata tukikubali kwamba sukari yako hushuka zaidi jioni baada ya kutembea, saa ambayo hupimi, bado daftari linaelekeza kwenye HbA1c ya karibu 7.5, pengine zaidi. Vipimo viwili vya mtu mmoja vinapopishana kiasi hicho, kimojawapo kina kasoro, na si haki kudhani mara moja kwamba chenye kasoro ni kile cha bei nafuu.

HbA1c hupima sukari iliyojishika kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi kwa takriban siku 120, ndiyo maana kipimo hutupa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Lakini kinadhania kwamba chembe zako huishi muda uleule kama za watu wengine. Zikifa mapema, zinakuwa hazikukaa na sukari muda wa kutosha, na kipimo kinasoma chini ya ukweli. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, kinyume chake, huweza kukipandisha juu ya ukweli.

Hapo ndipo kaka yako, kwa kumtaja mtoto wa dada yenu, ametusaidia kuliko alivyokusudia. Kwa kawaida mtoto huugua selimundu pale anaporithi jeni yake kwa mama na kwa baba pia. Maana yake ni kwamba dada yenu anaibeba, aliipata kwa mmoja wa wazazi wenu, na wewe una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba pia bila kuugua hata siku moja. Utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wabebaji wa jeni hiyo, wakiwa na sukari sawa na wenzao, husoma HbA1c iliyo chini kwa takriban 0.3. Mwaka huohuo watafiti wengine walieleza kuhusu jeni ya G6PD, inayosaidia chembe nyekundu zisife mapema, ambayo mojawapo ya sura zake imeenea Afrika kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo akirithi sura hiyo hana nakala nyingine ya kuifidia. Wanaume wa namna hiyo walionekana kuwa na HbA1c iliyo chini kwa karibu 0.8. Ongeza 0.8 juu ya 6.7 yako uone unapata nini.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Inawezekana pia kwamba mashine yako inadanganya, hasa kama vijiti vyake vimepita muda au kopo huachwa wazi katika joto na unyevu wa huko kwenu. Jambo hili halihitaji kubahatishwa. Nenda kliniki asubuhi bila kula, ukiwa na mashine na daftari, uombe kutolewa damu ya mshipani kwa ajili ya maabara, na dakika hiyohiyo jipime kidoleni. Namba mbili zikikaribiana, mashine yako ni nzima. Kisha omba kipimo cha picha nzima ya damu, kipimo cha aina za himoglobini, na cha G6PD kama kinapatikana. Ikithibitika kwamba HbA1c haikufai, hospitali kubwa zina kipimo kiitwacho fruktosamini, ambacho hakitegemei chembe nyekundu na huonyesha wastani wa wiki mbili tatu. Kisipopatikana, daftari lako ndilo litakaloongoza matibabu, na yeyote atakayekuambia usihangaike nalo mwonyeshe kwa heshima hesabu hii ya 8.1.

Umeuliza pia, bila kuuliza, kwa nini ulale na 8.4 uamke na 9.6. Wagonjwa wengi hulaumu chakula cha usiku, wengine hufikia hatua ya kulala njaa, na asubuhi sukari inakuwa ileile au imepanda. Sukari hiyo imetengenezwa na ini lako. Ili uelewe kwa nini, tuingie kwenye jeni kwa mlango tofauti na ule wa kaka yako.

Karibu kila seli ya mwili wako ina jeni zilezile, zipatazo 20,000 zile zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, iko kwenye kromosomu ya 11, na ipo katika ngozi ya kidole chako cha mguu kama ilivyo katika kongosho. Lakini ngozi ya kidole haitengenezi insulini hata kidogo, kwa sababu huko jeni hiyo haisomwi. Hutumiwa katika seli za beta za kongosho. Kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kusomwa, lini na kwa kiasi gani, ni jambo jingine. Katika ini kuna jeni zinazotoa vimeng'enya vya kutengeneza glukosi, na kazi yake ni kuulinda ubongo usikose nishati mtu anapokaa muda mrefu bila kula. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini huzipunguzia kasi jeni hizo mara sukari inapotosha. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa sugu kwa amri ya insulini, jeni zinaendelea kusomwa usiku kucha, na ini linamwaga glukosi katika damu ya mtu aliyelala. Metformini unayomeza hufanya sehemu kubwa ya kazi yake hapo, kwenye ini. Ikiwa asubuhi bado ni 9 na zaidi, basi dozi au mpango mzima wa dawa unahitaji kuangaliwa upya na daktari. Usijiadhibu kwa kukosa chakula cha jioni.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni kwamba mwendo huu una pande mbili. Kaka yako anaona upande mmoja, kwamba jeni huathiri sukari. Upande wa pili ni kwamba sukari nayo huathiri namna jeni zinavyosomwa. Seli za beta zikikaa muda mrefu katika sukari ya juu, usomaji wa jeni ya insulini hufifia, kwa hiyo insulini hupungua, kwa hiyo sukari hupanda zaidi. Ukiishusha mapema, baadhi ya seli hizo hurudia kazi yake.

Sasa macho, na hapa ndipo lilipo jibu nililokuwa nalo tangu mwanzo. Kati ya mwaka 1983 na 1993 lilifanyika jaribio kubwa katika Marekani na Kanada, linalojulikana kwa kifupi kama DCCT, likiwa na watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi moja lilibana sukari hadi HbA1c ya karibu 7, na kundi jingine likatibiwa kwa kawaida ya wakati ule likabaki karibu 9. Waliobana walipata madhara machache zaidi ya macho, figo na neva, na hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza kilikuja baadaye. Jaribio lilipokwisha, wote walifundishwa kubana sukari, na baada ya miaka michache makundi yote mawili yalikutana karibu na 8. Ungetarajia tangu hapo walingane hata katika madhara. Hawakulingana. Kwa zaidi ya miaka 10 waliokuwa na 9 zamani waliendelea kuharibika macho kuliko wenzao, ingawa sasa sukari yao ilikuwa sawa. Huko Uingereza, utafiti wa UKPDS kwa watu waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili ulionyesha jambo la jinsi hiyo katika ufuatiliaji uliotangazwa mwaka 2008: tofauti ya HbA1c kati ya makundi ilitoweka ndani ya mwaka mmoja baada ya jaribio, lakini faida ya waliobana mapema ilikuwa bado inaonekana miaka 10 baadaye, hata katika mshtuko wa moyo na vifo.

Wataalamu huiita hali hii kumbukumbu ya umetaboli, na sehemu ya maelezo yake imo katika usomaji wa jeni. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nitumie kitabu cha kiada. Maandishi ni yaleyale kwa kila mwanafunzi, lakini mwalimu aliyetangulia ameacha alama za penseli pembezoni, hapa pasomwe, hapa parukwe, na anayekuja baada yake hufuata alama hizo bila kujua nani aliziweka. Katika seli, alama hizo ni vijikundi vya kemikali vinavyoitwa methili, vinavyobandikwa juu ya vinasaba au juu ya protini za histoni ambazo vinasaba vimezizunguka. Herufi za jeni hazibadiliki, bali usomaji wake ndio unaobadilika. Mwaka 2008 watafiti wa Melbourne, Australia, waliziweka seli za mshipa mkubwa wa damu katika sukari ya juu kwa saa 16 tu, kisha wakazirudisha katika sukari ya kawaida. Siku sita baadaye, alama kwenye jeni mojawapo inayochochea uvimbe katika kuta za mishipa zilikuwa bado zipo, na jeni hiyo ilikuwa bado inasomwa kupita kiasi. Mwaka 2016 kikundi cha Rama Natarajan wa City of Hope, California, kilichunguza damu ya washiriki wa DCCT, ile iliyohifadhiwa mwishoni mwa jaribio na ile iliyotolewa zaidi ya miaka 15 baadaye. Kwenye jeni iitwayo TXNIP, inayohusika na namna seli inavyoumizwa na glukosi, alama zilizopungua kwa waliokuwa na sukari mbaya zamani zilikuwa bado zimepungua.

Kwa hiyo, Mwalimu, macho yako yanalipia pia miaka ile ya kiu na kuamka usiku, pamoja na miaka ya HbA1c 11.2. Hayalipii uadilifu wako.

Kuna jambo la tatu ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu inaposhuka kwa kasi, kama ilivyoshuka yako, retina huweza kuharibika zaidi kwa kipindi kabla ya kutulia. DCCT yenyewe iliona hivyo katika mwaka wa kwanza kwa baadhi ya waliobana sukari, lakini kadiri miaka ilivyokwenda watu haohao walikuwa na hali nzuri kuliko wasiobana. Ushauri unaotokana na hilo ni kuchunguza macho kwa karibu wakati wa mabadiliko makubwa ya matibabu. Haumaanishi kuiacha sukari ipande tena, na nakuomba sana usifanye hivyo. Daktari akiamua kukuongezea dawa baada ya kuona daftari, mwambie kwanza kuhusu retina zako ili aende kwa hatua.

Vitone vya damu peke yake, katika hatua ya mwanzo, kwa kawaida havimpofushi mtu. Muulize mtaalamu wa macho maswali mawili: je, sehemu ya katikati ya retina imevimba, na anataka kuniona tena lini? Usikubali kuondoka bila tarehe, kwa maana kusubiri mwaka mzima baada ya badiliko la namna hii ni mbali. Siku hiyo utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo iache pikipiki nyumbani. Ukiona ghafla nzi weusi wengi wakielea machoni, au kivuli kikishuka kama pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pia hukuniandikia neno lolote kuhusu shinikizo la damu, nalo huumiza retina na figo sawasawa na sukari. Lipimwe, pamoja na mafuta ya damu na protini kwenye mkojo.

Nirudi kwa kaka yako. Kusema kwamba kisukari kinakwenda na ukoo si uongo. Mtu ambaye mzazi wake mmoja ana kisukari cha aina ya pili anakadiriwa kuwa na uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukipata maishani. Lakini ukoo haurithishani jeni peke yake, hurithishana na sufuria, na ukubwa wa sahani, na desturi ya kumwona mgeni aliyekataa sukari kwenye chai kuwa ana maringo. Zaidi ya hayo, nguvu ya jeni imepimwa ikishindana na mwenendo wa maisha. Jeni iitwayo TCF7L2, iliyotambuliwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, ni miongoni mwa zenye uzito mkubwa katika kisukari cha aina ya pili. Mwaka huohuo ilipimwa kwa watu wa jaribio la DPP la Marekani, lililokuwa na washiriki 3,234 waliokaribia kupata kisukari. Mazoezi na kupunguza uzito vilikwisha kuonyesha mwaka 2002 kwamba hupunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58 katika kipindi cha takriban miaka mitatu. Walipotazama ndani ya kundi hilo la mazoezi, waliobeba sura mbaya ya TCF7L2 walinufaika pia, na hatari ya ziada ya jeni yao haikuonekana wazi.

Hata alama za penseli hazikuwekwa kwa wino. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, na wenzao walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu wasiozoea mazoezi, kabla na baada ya kuwapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Alama za methili kwenye jeni kadhaa zinazosimamia matumizi ya nishati zilipungua baada ya zoezi la mara moja, na zilipungua zaidi kwa waliokazana zaidi. Mazoezi ya kudumu huongeza pia usomaji wa jeni ya GLUT4, protini inayopitisha glukosi kuingia ndani ya msuli, na msuli unaofanya kazi huivuta sukari hata bila kungoja insulini. Safari yako ya jioni kutoka shuleni inafanya kazi hiyo. Kama unaweza, ongeza matembezi mafupi baada ya chakula cha mchana, saa ambayo daftari linaonyesha 12.

Kuhusu mfanyabiashara wa WhatsApp sitatumia nafasi kubwa. Hakuna kidonge kinachozima "jeni ya kisukari", kwa sababu kisukari cha aina ya pili hakina jeni moja ya kuzimwa. Kinahusishwa na mamia ya sehemu za vinasaba, nyingi zikiwa na mchango mdogo mno. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekwisha kukuta vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vikiwa vimechanganywa kisirisiri na glibenklamidi, dawa ya hospitali inayoweza kuangusha sukari hadi mtu akazimia. Muulize namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na ujifunze kutokana na ukimya wake. Kipimo cha mate nacho hakitakuambia lolote litakalobadilisha dawa zako. Sehemu kubwa ya takwimu zinazotumiwa na vipimo hivyo zilitokana na watu wenye asili ya Ulaya, wakati utafiti uliofanywa kwa watu wa Nigeria, Ghana na Kenya na kutangazwa mwaka 2019 ulikuta jeni iitwayo ZRANB3 ikihusishwa na kisukari kwa Waafrika, jambo ambalo tafiti za kwingine hazikuwa zimeliona. Kipimo cha vinasaba kina maana pale kisukari kinapowapata vijana wembamba kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa huenda kikawa kile kinachotokana na jeni moja na kutibiwa kwa njia yake. Uliyoyaeleza hayafanani na hali hiyo. Pikipiki isiuzwe.

Fedha ulizotaka kuzitoa, zitumie kwenye vijiti vya kupimia, nauli ya kliniki ya macho, na nauli ya kaka yako. Kidonda chake cha mguu kimeponaje? Hukunieleza. Mpeleke naye siku hiyohiyo, akapimwe ganzi ya nyayo, mapigo ya mishipa ya mguuni na macho. Akikataa, usibishane naye juu ya ukoo. Mwambie tu unahitaji mtu wa kukusindikiza kwa kuwa utarudi ukiona ukungu.

La mwisho ni binti yako. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi na Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, jimboni Arizona, walilinganisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Waliozaliwa baada ya mama kupata kisukari walikuwa na hatari ya kukipata kubwa kwa mbali kuliko kaka na dada zao waliozaliwa kabla. Wazazi ni walewale, lakini sukari waliyoikuta tumboni haikuwa ileile. Hii ndiyo sababu ninataka sukari ya binti yako ipimwe sasa. Asingoje hadi miezi ya mwisho. Aende kliniki ya wajawazito wiki hii, aseme wazi kwamba babu, baba na baba mkubwa wana historia ya kisukari, na apimwe sukari kabla ya kula. Ikiwa sawa, apimwe tena kwa kunywa maji ya glukosi kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito. Na kwa kuwa selimundu imo katika familia, yeye na mumewe wapime himoglobini zao kwa pamoja, damu ikiwa inatolewa hapohapo.